Jumamosi za Mama

Juzi hapa Migori, mwanadada mmoja mwenye fulana ya wanaojitolea aliingia dukani kwangu na fomu mkononi. Alitaka akina mama wa soko tujiandikishe tuwe tunawatembelea wazee wasio na mtu. Alisema haigharimu kitu, ila muda kidogo tu. Muda kidogo tu! Nilimwambia nina wateja, ingawa dukani hapakuwa na mteja hata mmoja. Alipotoka nikabaki na hasira zangu za miaka ya tisini.

Maana huo muda kidogo, rafiki yangu, mimi naujua. Mama yangu alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kule kwetu karibu na Rangwe. Walifunzwa siku chache Homa Bay, wakapewa mkoba, glavu na mwavuli, basi. Mshahara hakuna. Siku za wiki alilima, Jumapili kanisani, na Jumamosi, siku ambayo wenzangu walikuwa na mama zao, wangu alikuwa akiwaogesha wagonjwa wa watu. Alituachia nyoyo jikoni, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akasema, "Narudi sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake ilifika kuku wameshaingia kulala. Nyanya alinung'unika kwamba mwanawe alioa mke, mke naye akaenda kuolewa na kata nzima.

Wagonjwa wengine niliwavumilia. Niliyemwonea wivu hasa ni msichana wa rika langu, wa ng'ambo ya mto, ambaye mama yake alikuwa hainuki tena kitandani. Mama alimhudumia yule mgonjwa, kisha akaketi kumsuka bintiye. Nilijua kwa sababu Jumatatu alikuja shuleni na mistari iliyonyooka, kazi ya mkono wa mama yangu kabisa, nami nimeketi nyuma yake na nywele zangu timutimu. Nilikodolea macho ile mistari hadi hesabu za mwalimu zikanipita.

Basi Jumamosi moja nikaugua. Nilijilaza karibu na meko mpaka uso ukapata moto, nikaanza kulalamika. Mama alinigusa paji la uso, akanitazama kwa muda, akautundika mkoba wake ukutani. Sijawahi kufurahi vile. Alinipikia uji wa wimbi wenye maziwa, akanisuka polepole, mikono yake ikinukia sabuni ya kipande. Mvua ikaanza kupiga mabati, tukiwa wawili tu ndani. Nikaomba imnyeshee yule msichana.

Ikamnyeshea kweli. Alasiri alitokea mlangoni kwetu amelowa chepechepe, na fungu la osuga, mboga chungu za bustani yao. Mama yake alikuwa ameona Jumamosi inapita bila mgeni, akaulizia, akaambiwa mtoto wa mhudumu anaumwa. Ndipo akamtuma bintiye aje atusaidie. Na alisaidia! Aliteka maji, akasugua sufuria, akachambua ile mboga, mimi nimelala na ugonjwa wangu wa uongo, siwezi hata kuinuka kumfukuza. Alipomaliza, mama akamwambia, "Ero kamano, nyathina." Asante, mwanangu. Mwanangu! Niligeukia ukutani nikalia machozi ya kweli. Mama akaja akainama, akaninong'oneza kwamba kama nimepona, niamke nimsindikize mwenzangu hadi mtoni. Kumbe alikuwa amejua tangu asubuhi. Sikuamka.

Mwaka ule ule mama wa yule msichana alifariki, naye akalelewa na shangazi yake pale pale ng'ambo. Mimi nilipokua nikaja Migori kufanya biashara, yeye akabaki. Mama alipozeeka na miguu kukataa, ni yeye aliyekuwa akivuka mto kila Jumamosi, na hakuna aliyemwandikisha popote. Mimi nilituma sukari na sabuni, na ahadi kwamba nitakuja nikipata nafasi. Nikifika, nawakuta wanacheka jambo nisilolijua, na mama anachukua muda kuniona.

Siku hizi mto una daraja, na wale akina mama wa mikoba karibu wote wamezikwa. Boma letu limekaa kimya, hata kuku hakuna. Lakini si hayo yanayoniuma.

Siku niliyoitwa haraka, nilichelewa. Nilimkuta mama ameshaogeshwa, amefunikwa shuka safi, macho yamefumbwa na mkono usio wangu. Nilipaswa kumshukuru yule mwenzangu wa ng'ambo, nikamshukuru. Kisha nikamvuta kando, nikamwuliza swali lililonichoma njia nzima kutoka Migori, kama mama alinitaja.

"Alitutaja," akasema. "Wewe na mimi."

Najua alisema kwa upendo. Lakini hadi leo natamani angenidanganya, akasema alinitaja mimi peke yangu.