Jina la Meitamei

Leshan aliandika kitabu yake na kalamu ya biro, daftari tatu, akikalia gurudumu mbovu pale anaosha magari Noonkopir, mtaa wa Kitengela. Shule aliachia darasa la nane. Wenzake walimcheka wakamuita profesa wa sabuni, mpaka mmoja wao akala ngumi ya mdomo. Hasira ya Leshan iko karibu, haingoji afikirie.

Kitabu ilikuwa juu ya maisha yake, lakini ukweli ni ya ndugu yake mkubwa, Meitamei. Baba yao aliuza shamba ya Kisaju kipande kwa kipande mpaka ikabaki nyumba na zizi tupu. Meitamei, mtu wa kuchunga, akaenda kuvunja mawe kwa kwari. Asubuhi moja ukuta wa mawe ukamwangukia. Mwenye kwari alileta unga na blanketi, na kabla wiki iishe kijana mwingine alikuwa ameshika nyundo ya Meitamei. Hiyo ndiyo ilimchoma Leshan. Hata nyundo haikupewa siku ya kupumzika.

Na kuna kitu ingine ilimchoma zaidi. Tangu mazishi, miaka minne, mama yake Nalangu hajawahi kutaja Meitamei hata mara moja. Leshan alilelewa na shangazi hapo mjini, nyumbani alikuwa anaenda Krismasi tu, na kila Krismasi alingoja mama aseme kitu. Wapi. Akajiambia, huyu ameshasahau. Basi mimi nitamkumbusha, na kijiji yote isikie.

Purity, msichana wa saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, alimchapia zile daftari akampangia mahali pa kuongea. Jalada iliandikwa MEITAMEI, herufi kubwa nyekundu. Walianza na chama ya kina mama, Kitengela. Leshan akasoma ile sehemu ya nyundo, wamama wakalia.

"Kijana, umeniliza na chai sijamaliza," akasema Wanjira, mwenye chama. "Hiyo shamba yenu ilikuwa upande gani?"

"Kisaju. Ukipita tangi ya maji, penye kuna geti ya kijani."

"Ngai! Si hapo ni kwangu!" Wanjira akacheka, akapiga mwenzake paja. "Nipatie mbili, moja nitapelekea mzee wangu."

Leshan alitabasamu na meno tu. Hapo kwa geti ya kijani ndipo Meitamei alimfunza kukamua. Lakini akauza. Kanisani Noonkopir akauza, sokoni akauza. Hao wote hakuwaandikia. Alikuwa anangoja Kisaju.

Jumapili moja, kanisani Kisaju, baada ya ibada, pasta alimpa nafasi. Nalangu alikuwa amekaa mbele kabisa na shuka yake safi. Leshan akafungua, akasoma kwa sauti: "Meitamei alikuwa mrefu kutushinda wote."

Wazee wakaangalia chini. Akafikiri ni uchungu, akaongeza sauti. Mara ya pili alipotaja Meitamei, wamama wawili wakabeba watoto wakatoka. Mara ya tatu Nalangu akajifunika uso na shuka, akasimama, akaenda.

"Nyamaza, layioni!" Mzee Gideon, ndugu ya baba yake, aligonga sakafu na fimbo. "Hilo jina tulizika!"

Layioni ni kijana hajatahiriwa. Kuambiwa hivyo ukiwa na ndevu, mbele ya watu!

"Mimi layioni?" Leshan akaruka. "Alipovunjwa na mawe mlinyamaza wote! Sasa ndio mdomo zimefunguka?"

"Leshan, twende," Purity akamvuta shati. "Kwani nini mbaya?"

Nini mbaya alijua, na hiyo ndiyo aibu. Alishasikia utotoni kwamba kwao aliyekufa haitwi jina. Alidhani hiyo ni mambo ya babu, kabla ya kanisa.

Alimpata mama nyuma, karibu na choo.

"Yeyo, kwani ulimsahau?"

"Nimsahau?" Nalangu hakumwangalia. "Mtoto wa Rachel, jirani, alikuwa na jina hiyo. Siku ya mazishi tulimbadilisha jina. Unajua kwa nini? Ndio nisiite mtoto kwa chakula, halafu yule wangu asikie, ageuke, arudi. Arudi wapi? Kwa geti ya watu?"

"Nilitaka watu wamjue."

"Na wamemjua. Sasa kila mtu Kitengela anamwita. Mimi nilikuwa nimemlaza."

Akaenda nyumbani peke yake. Hakusema karibu.

Purity alisema wanaweza kuchapisha tena, wabadilishe jina. Lakini zile zimeuzwa zimeuzwa. Leshan alirudisha sanduku ya vitabu zilizobaki Noonkopir akaisukuma chini ya kitanda, akashika tena kitambaa na ndoo.

Jumatano Wanjira alileta gari yake. Akateremsha kioo, akaita kwa furaha, kama mtu ameona jamaa yake:

"Meitamei! Kuja unioshee!"

Wenzake wakacheka, jina ikashika hapo hapo. Profesa ikaisha. Sasa ni Meitamei leta maji, Meitamei shika sabuni, kutwa nzima. Leshan hukunja ngumi, lakini utapigaje mtu mdomo kwa kusoma kitu wewe mwenyewe uliandika kwa jalada?

Wakiita, anageuka.