Tope Lisilogeuzwa la Dirma

Nilikwenda kwenye bwawa la Dirma kwa sababu tope langu la kwanza la utafiti lilikataliwa. Msimamizi wangu wa masomo alilitazama, akasema limevurugika, na kwamba nisipoleta jingine kabla ya muhula kwisha, shahada nisahau. Nachunguza moto wa zamani. Nyasi zikiungua, chembe za mkaa hutua bwawani na tope huzifunika, mwaka juu ya mwaka. Ukizamisha bomba refu ukalitoa taratibu, unapata historia ya mbuga nzima, mradi hakuna aliyelivuruga tope hilo.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Katesh, mimi na Rashidi, dereva ambaye kwao wana duka mjini. Alinitania njia nzima.

"Dada, watu wanakuja huku kununua ng'ombe. Wewe umetoka Morogoro kufuata tope?"

Nilikuwa nimekumbatia bomba langu, naogopa makorongo.

Saa tatu tulifika bwawani. Nilichagua ukingo wenye tope laini, bomba likazama bila taabu, nikafurahi nusura niimbe. Ndipo akaja Bibi Udaweda, mwenye boma la jirani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini hapo?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo tunachimba udongo wa chumvi, ng'ombe walambe. Kila kiangazi. Mvua inafukia, tunachimba tena. Mama yangu naye alichimba hapo hapo. Hilo tope limegeuzwa kuliko ugali."

Nikalichomoa bomba. Kumbe hata lile lililokataliwa nililitoa ukingoni hivi hivi, kwa kupenda urahisi.

"Sasa bibi, wapi hapajachimbwa?"

Akaonyesha matete ya katikati. "Kule. Ng'ombe akiingia hatoki, kwa hiyo hata sisi hatuingii. Wewe ni mwembamba, pengine utarudi."

Mchana kutwa tulitandika mbao juu ya matete, nikatambaa kwa tumbo huku Rashidi amenishika miguu. Utani ulikuwa umemwisha. Saa kumi jioni bomba lilitoka, na tulipolifungua tuliona mistari myeusi, mmoja chini ya mwingine, na tope la kijivu katikati. Nililia mbele za watu, wala sioni haya kusema. Bibi alitupa maziwa ya kibuyu, tukanywa tukiwa tumepakaa tope hadi masikioni.

Kurudi Morogoro nililala safari nzima ndani ya basi. Chini ya hadubini, mkaa wa nyasi ulikuwepo mpaka mwisho wa bomba. Msimamizi alilikubali tope, ila akauliza nimejuaje kwamba mahali pale hapajachimbwa. Alitaka jina la kitabu. Nikaandika jina la Bibi Udaweda mahali pa kitabu. Alilisoma, akaliacha libaki.

Jioni hiyo nilimpigia bibi simu, nikamwambia moto wa mbuga yao ni wa kale kuliko mtu yeyote anayekumbukwa.

"Hilo tunalijua," akasema. "Na jina langu umeliandika?"

"Nimeliandika, bibi."

"Basi mwambie mwalimu wako, mkitaka kuchimba tena, mpite kwangu kwanza."