Dawa ya mzee imeliwa na sato

Leo mgonjwa wangu kaja kliniki na ndoo ya samaki.

Ni mzee mmoja, anafuga sato bwawani. Mwezi uliopita nilimwandikia vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu.

"Shikamoo mzee. Dawa unameza?"

"Marahaba. Nasaga, nachanganya na pumba, nawapa samaki."

Nikaweka kalamu chini.

"Si ulisema tatizo ni mafuta? Hawa walikuwa na mafuta tumboni. Nikaona nianzie huko."

Akapasua mmoja palepale. Kweli, mafuta hakuna.

Majibu ya damu yake yakaja. Mafuta yamepanda.

Akayatazama kwa utulivu. "Ni kwa sababu sijaanza kuwala."

Ameondoka. Ndoo ameniachia, zawadi.

Jamani, nipike?