Kitabu cha Kura

Kila nikisikia harufu ya gundi ya lebo, namwona mama, mkutubi wa shule yetu, akisimama mbele ya mkaguzi kutoka Shinyanga mjini. Kitabu cha kura hakikuwepo kwenye rafu ya kura, ya vitabu vya uchaguzi.

“Umekiuza?” mkaguzi aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

Asubuhi ile mama alikuwa amenikabidhi kitabu hicho akasema, kwa ulimi wetu wa Kisukuma unaogeuza r kuwa l, “Peleka kwenye kula.” Sikutazama lebo, maana mama akishasema, yameisha. Nikakipeleka kwenye rafu ya mapishi.

Nilikimbia nikakichomoa kati ya vitabu vya mboga.

“Nani alikwambia ukiweke huko?” mkaguzi aliniuliza.

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani.

“Hakuna, mzee,” nilijibu. “Bado sijui kusoma.”