Shikamoo ya Nungunungu Mnadani

Jamani, mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akimuuliza swali anaangalia viatu. Lakini kwenye katuni moja kuna nungunungu anayetokea mara chache tu, anasema kwa sauti ya kukwaruza, "Shikamooni wakubwa, msinikumbatie!" kisha anapotea. Ninamuiga kwa siri. Katika kijiji kizima cha Rutamba nilijua shabiki wake ni mimi peke yangu.

Juzi kwenye mnada wa korosho, baba aliunganisha simu yangu na spika kwa Bluetooth, tukapiga muziki. Ulipokwisha nikaichukua simu, nikajificha nyuma ya ghala, nikajirekodi nikimuiga nungunungu. Nikabonyeza nijisikilize. Simu kimya. Ila kule mnadani nungunungu akasalimia!

Moyo ukaruka: kumbe nina mwenzangu! Nikabonyeza tena; naye akajibu tena. Nikatoka mbio, simu mkononi, nikapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani, "Ni nani huyo? Na mimi nampenda nungunungu!" Kidole kikagusa simu. Spika ikakwaruza, "Shikamooni wakubwa, msinikumbatie!"

Wakulima wote wakanigeukia. "Marahabaaa!"

Bibi yangu akasimama juu ya gunia lake. "Marahaba, mjukuu wangu. Mbona nyumbani shikamoo yako haisikiki?"