Usihamie kwa Karibu ya Krismasi

Siku ile naikumbuka kwa matope yake, mwanangu. Lori la Fuso lilikwama chini ya kanisa, pale Kibosho barabara inapopinda, likakataa kupanda, na dereva akazima injini akasema yeye mwisho wake ni hapo. Alikuwa ameshusha ndizi Dar es Salaam na alikuwa anarudi tupu, ndiyo maana alikubali kutubeba kwa bei ya huruma. Baba yako akaruka chini, akaanza kushusha vyombo kwenye mvua. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu unalia, na dada zako kila mmoja ameshika sufuria kichwani. Hivyo ndivyo tulivyorudi nyumbani.

Sikuwahi kukuhadithia yote. Niliona si vizuri mtoto akue na kinyongo cha wazazi wake. Lakini juzi umenipigia simu ukasema mwenye nyumba wako huko Kimara amepandisha kodi tena, na anaitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kwamba wewe na mkeo mmekata shauri kuhamia Kibosho. Ukaniambia baba yako mdogo Severini alikuambia Krismasi hii iliyopita, "Karibu nyumbani, kihamba ni chetu sote." Ulisema kwa furaha hata nikaogopa kukukatisha. Basi leo nakujibu, maana maneno hayo hayo aliambiwa baba yako, na aliyeyasema ni huyo huyo Severini.

Baba yako Aloyce alikuwa mtunza ghala pale mjini, na tulipanga vyumba viwili Sinza. Kazi ilipopungua wakampunguza na yeye. Kodi haikupungua. Maji tulinunua, mkaa tulinunua, hata mchicha ambao kwetu unaota wenyewe nyuma ya jiko tulinunua kwa fungu. Jioni moja akaniambia, "Mama Oresta, tunateseka hapa kwa nini, na mimi nina kwetu? Ndizi zipo, maziwa yapo, shule ipo jirani." Nikamuuliza kama amewaambia wenzake kwamba tunakuja. Akanitazama kama nimemtusi. "Mtu anabisha hodi kwao?" akasema.

Mimi ni binti wa Kirua Vunjo, mwanangu, sikuzaliwa kwenye lami. Najua kihamba ni nini. Ile migomba na mibuni inayozunguka nyumba ya baba, walipolala babu na babu wa babu, si mali ya kila aliyezaliwa pale. Mtoto wa kwanza hukatiwa sehemu yake anapooa. Nyumba ya baba na kihamba chenyewe ni vya mtoto wa mwisho, naye ndiye huwatunza wazee. Wa katikati hutafuta kwingine. Baba yako alikuwa wa katikati. Nilimkumbusha, akasema hayo ni mambo ya zamani, na kwamba ndugu zake wanampenda, si nimeona mwenyewe tukifika?

Kweli nilikuwa nimeona. Kila Krismasi tulipopanda, mbuzi alichinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapikwa, na kidari, nyama ya heshima, akapewa baba yako mbele ya watu. Severini alikuwa akitupokea begi kule kule barabarani. Mama mkwe alikuwa akitandika shuka mpya. Na baba yako naye, Mungu ampumzishe, alikuwa na domo. Hakwenda nyumbani bila kumaliza mshahara kwenye nguo. Alikaa kwenye kigoda, kata ya mbege mkononi, akiwasimulia wazee habari za kiwanja chake cha Mbezi na nyumba iliyofika kwenye lenta. Kiwanja gani? Hatukuwa na kiwanja. Tulikuwa na deni dukani kwa Mpemba. Nilikuwa nikiinamisha uso na kuendelea kumenya ndizi, kwa sababu mke hamuumbui mumewe mbele ya ukoo.

Krismasi ya mwisho ya baba mkwe ndiyo iliyotumaliza. Mzee alikuwa mgonjwa, akawaita wanawe mbele ya wazee wa ukoo, akasema anataka kumkatia Aloyce kipande chini ya mfereji, kidogo tu, ili asije akakosa pa kusimama. Unajua baba yako alijibu nini? Alicheka. Akasema, "Baba, mimi mjini nimeshiba ardhi. Mpe Severini yote, yeye ndiye anayeteseka na ng'ombe." Watu wakampigia makofi. Wakasema huyu ndiye mwanamume. Na mimi nipo mlangoni na sinia la nyama, nikaingia kuwagawia.

Sasa rudi kwenye lile Fuso. Severini alishuka na vijana kutusaidia, akicheka, akibeba masufuria. Halafu akaliona kabati la vyombo. Akaona kitanda, makochi, cherehani yangu. Kicheko kikamkauka usoni. "Kaka," akasema, "mbona Krismasi bado?" Baba yako akamwambia tumekuja jumla. Severini aliinua upande wake wa kabati, wakapanda nalo hadi nyumbani, na likawekwa barazani, nje, kwenye rasharasha. Lilikaa pale mpaka mbao zikavimba.

Siku za kwanza tulilishwa vizuri. Halafu mke wa Severini akaanza kuficha maziwa. Ukilia, anauliza mbona watoto wa mjini wanalia sana. Mimi nilikata majani ya ng'ombe ambao si wangu, nikabeba mzigo kutoka tambarare mpaka shingo ikapinda, ili tu nisiitwe mlaji wa bure. Baba yako akaona aibu ikizidi, akaomba kile kipande chini ya mfereji. Kidogo tu cha kusimamisha chumba cha mbao na migomba ya kulishia watoto.

Severini akaita wazee. Walikuja wale wale waliopiga makofi. Mmoja wao, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alimsikiliza baba yako mpaka mwisho, akaweka kata chini. "Aloyce," akasema, "baba yako aliuza ng'ombe ukapata nauli na ada ya kozi. Hiyo ilikuwa sehemu yako. Akataka kukuongeza, ukamcheka mbele yetu. Marehemu hawezi kurudi kukata tena. Nenda kwenye kiwanja chako cha Mbezi."

Baba yako alifungua mdomo kusema kwamba kiwanja hakipo. Nilimwona. Aliufunga tena. Alikuwa tayari watoto wake wakose pa kulala kuliko wazee wale wajue kwamba alidanganya. Mwanangu, nilimpenda baba yako, lakini saa ile nilimchukia.

Kesho yake nilimkuta bibi yako mferejini. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyewazaa wote. Sema neno." Akaloweka miguu yake majini. "Mwanangu, ningekuwa na udongo ningekupa," akasema. "Hata huu ninaolalia ni wa Severini. Nikisema, na mimi nitahama na wewe?" Alisema kweli. Akanipa mkungu wa ndizi, tukashuka.

Tulipanga chumba Pasua, chini mjini Moshi, kwenye joto na mbu. Baba yako alibeba magunia ya mahindi sokoni, baadaye akapata ulinzi. Mimi nilishona. Mlisoma, mkakua, simshukuru mtu ila Mungu na ile cherehani. Krismasi ikifika baba yako alikuwa akitazama mlima asubuhi, halafu anaingia ndani kulala. Hakupanda tena mpaka alipokufa.

Na hapo ndipo walipotujia. Severini mwenyewe, na gari, na suti nyeusi. Nilikuwa nimepanga tumzike makaburi ya huku huku chini. Wakaniwakia. Mtoto wa ukoo hawezi kulala ugenini, wakasema, ni aibu kubwa. Wakampandisha Kibosho kwa msafara, na kaburi wakalichimba wapi? Chini ya mfereji. Kwenye kipande kile kile. Waling'oa migomba kupata nafasi, wakajenga kwa saruji, wakaweka marumaru. Ng'ombe mzima akachinjwa.

Nilisimama pale na udongo mkononi, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Kumbe nafasi ilikuwepo." Padri akainamisha kichwa. Severini akatazama viatu vyake. Halafu mtu akaanzisha wimbo, wakaendelea.

Basi sikukatazi kuhama, mwanangu. Dar imewashinda, si aibu, imewashinda wengi. Lakini ile karibu uliyopewa ilikuwa ya mgeni mwenye begi, anayeondoka mwaka mpya ukiingia. Panda Kibosho mwezi wa tano, barabara ikiwa tope, usibebe sukari wala kitenge. Mwambie Severini wazi kwamba huna kiwanja, huna nyumba, kodi imekushinda na watoto wanahitaji pa kuishi. Ona uso wake. Akikubali, akubali mbele ya wazee na mwenyekiti wa kitongoji, aonyeshe kwa mkono mwanzo na mwisho, na mimea ya masale ipandwe mpakani ukiwa unaona. Akianza kusema tutaongea, mshukuru, shuka, panga chumba Moshi ndiyo umlete mkeo. Usimpandishe na kitanda kwenye baraza ya mtu.

Na ndugu zako usiwadanganye. Ukiwa huna, sema huna. Baba yako alilipia sifa za jioni moja kwa maisha yake yote na yetu, na wale waliompigia makofi hawakuchangia hata siku moja.

Mungu Baba akutangulie, mwanangu, wewe na mkeo na wajukuu zangu. Akupe ulimi wa kuomba kabla hujachelewa, na ndugu wa kukusikia. Akupe udongo ungali hai, uulime, ule mazao yake, uchoke juu yake. Ule wa kuzikwa wala usiuombe. Huo watakupa wenyewe.