Mume Wangu Hakuwahi Kuonja Pombe

Mume wangu hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Naanza na hilo kwa sababu pale Kyela watu walisema vingine.

Alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, miaka ile biashara ilipofunguliwa na mali zikawa zinamiminika kutoka Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Tumbo lake likaanza kujaa maji, macho yakawa manjano. Huko Mbeya daktari alimuuliza kama aliwahi kuongezewa damu. Aliwahi, zamani, alipopata ajali ya lori.

"Huenda kirusi kilipitia hapo," daktari akasema. "Homa ya ini, aina ya C. Kimekula ini taratibu, sasa limejaa makovu."

"Dawa?"

"Hapa hatuna. Tena, mzee wangu, ini lililofika hapa linaweza kuota saratani. Si lazima iote. Uje kila miezi sita tulipige picha."

Tangu siku hiyo tuliishi ndani ya ile miezi sita. Dada yake aliozesha binti huko Karonga, mume wangu hakwenda. Aliacha hata kwenda msikitini, baada ya kusikia mtu akinong'ona kuwa tumbo lile ni la chupa. Akawa anashinda nyuma ya majora ya vitenge. Mimi nami sikutoka. Siku moja nilikwenda Matema kumwona mama yangu. Sikumaliza hata chai, nikarudi na gari lililonileta.

Picha ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili pia. Ya tatu akakataa.

"Nikienda wataniambia, mama watoto. Nisipoenda, sina habari."

"Habari unayo. Huli, husemi na mtu. Hiyo siyo habari?"

Tulibishana wiki nyingi. Alipokubali, miezi tisa ilikuwa imepita tangu picha ya pili. Daktari alituonyesha kivuli cheusi, kikubwa kama ndimu. Kupasua hakukuwezekana, ini lenyewe lisingestahimili. Kama tungewahi ingekuwaje? Nilimuuliza daktari. Alisema hajui, na nilimwamini.

Tuliporudi, jirani yetu muuza mchele, Mnyakyusa mcheshi, alimshika mkono pale dukani. "Kaka, achana na ile kitu, itakuua."

Nilitaka kumrukia. Mume wangu akanizuia.

"Ni damu niliyoongezewa nikiwa taabani," akamwambia. "Ilikuwa na ugonjwa. Sasa ni saratani. Pombe siijui hata ladha yake."

Yule bwana akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akalia. Kuanzia hapo alikuja kila alasiri kukaa naye, na siku ya maziko alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Nilipokaa eda, wanawake walinionea huruma kwa kufungiwa ndani. Niliwaitikia tu. Nisingeweza kuwaambia kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka miwili nilikuwa nalala mchana bila kushtuka, na kwamba nilijichukia kwa usingizi ule.